Mbio Ndefu na Milima Yake

Ukisimama mjini Kakamega alfajiri, kabla ukungu wa msitu haujainuka, ukaelekeza uso wako mashariki, utauona ukingo wa Nandi umejinyosha kama ukuta. Upande huu wa ukuta ni nchi ya Waluhya, ambao sifa yao katika michezo ni kandanda, raga, na yale mapigano ya mafahali ya Khayega na Shinyalu. Upande wa pili, kule juu, ndiko walikozaliwa Kipchoge Keino, Ibrahim Hussein na Eliud Kipchoge. Kakamega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari; Kapsabet yakaribia mita 2,000. Kijana akitoka Chavakali kwa miguu, akaishika barabara ya Kapsabet, hupanda mamia ya mita, na akirudi hana budi kuyashuka yote. Wengi hudhani kwamba kazi yake iko katika kupanda. Endelea kusoma, nawe utaona kwamba sivyo.

Marathoni ina urefu wa maili 26 na yadi 385, yaani kilomita 42.195. Urefu huo ulikimbiwa kwanza katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, nao ukathibitishwa kuwa kanuni mwaka 1921. Lakini kujua urefu wa njia si kujua namna ya kujitayarisha kwayo. Kwa miaka mingi wakimbiaji walihofia kwamba mtu akikimbia mbali mno katika mazoezi ataitumia nguvu yake yote kabla ya siku yenyewe. Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyeshinda marathoni ya Helsinki mwaka 1952, hakuwa amepata kukimbia marathoni hata moja kabla ya siku ile!

Aliyeigeuza fikira hiyo kwa nguvu kuliko wengine ni mtu wa Nyuzilandi, Arthur Lydiard, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Yeye alijifanya mwenyewe kuwa mnyama wa majaribio: alikimbia mbali kupita kiasi, akachoka hata kuugua, akapunguza, akaongeza tena, mpaka akakipata kipimo chake, nacho ni kama maili 100 kwa juma. Kila Jumapili aliwaongoza vijana wake maili 22 katika milima ya Waitakere, karibu na Auckland, njia ya kupanda na kushuka tangu mwanzo hadi mwisho. Hata Peter Snell, mkimbiaji wa mita 800, ilimpasa kwenda. Watu walicheka. Basi mwaka 1960, huko Roma, Snell alishinda mita 800, Murray Halberg akashinda mita 5,000 siku ile ile, na Barry Magee akawa wa tatu katika marathoni. Hapana aliyecheka tena.

Marathoni hiyo ya Roma ndiyo aliyoshinda Abebe Bikila wa Ethiopia kwa miguu mitupu. Katika kundi lilo hilo alikuwamo Mkenya, Kanuti Sum, ambaye pia alikuwa ameikimbia marathoni ya Melbourne mwaka 1956, Kenya ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Jina lake halitajwi sana leo, nami naona ni makosa. Kadhalika husahauliwa Lazaro Chepkwony, Mnandi, aliyekimbia maili sita katika uwanja wa White City, London, mwaka 1954. Alikuwa akichomoka ghafla, kisha akilegeza mwendo, tena akichomoka, hata Waingereza wakashangaa; mwishowe akaumia, akatoka uwanjani. Wako waliosema kwamba hiyo ni dalili ya mtu asiyejua mbio. Lakini mkimbiaji aliyelelewa milimani hujifunza kubadili mwendo kila hatua mia, na miaka kumi na minne baadaye, huko Mexico, dunia iliwaona Wakenya wengine wakibadili mwendo na kushinda.

Sasa turudi kwenye ule mteremko. Mwili huweka wanga wake katika misuli na ini, na akiba hiyo, kwa mtu akimbiaye kwa kasi, huelekea kwisha baada ya kilomita 30 au zaidi kidogo. Ndipo miguu huwa mizito kama magogo. Mbio ndefu za mazoezi huufundisha mwili kuitumia akiba hiyo kwa uchoyo na kuchoma mafuta zaidi. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini mtu anaposhuka, misuli ya paja hufanya kazi ya breki: hujikaza huku ikivutwa kurefuka, na kazi hiyo huichana nyuzi zake ndogo ndogo. Siku hiyo hutahisi neno. Kesho yake, au kesho kutwa, utashindwa kushuka ngazi za bweni. Ukienda mbio nyingine ndefu kabla nyuzi hizo hazijapona, wajenga juu ya ukuta wenye ufa.

Mji wa Boston huonyesha jambo hilo kila mwaka. Njia yake huanza kwa kuteremka, mgeni akafurahi, akaenda mbio. Kisha karibu na kilomita ya 26 vilima huanza, na mapaja tayari yamekwisha umia. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein na Juma Ikangaa wa Tanzania walivipita vilima hivyo, wakafika mwisho wakiwa wameachana kwa sekunde moja tu: Hussein saa 2 dakika 8 sekunde 43, Ikangaa sekunde 44. Ikangaa akawa wa pili tena mwaka 1989, na tena mwaka 1990. Nakuachia uwaze uzito wa sekunde ile.

Yuko na Kelvin Kiptum, ambaye tarehe 8 Oktoba 2023 alikimbia Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, wakati ambao hakuna mtu aliyekuwa ameupata kabla yake katika mashindano rasmi. Mkufunzi wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, alieleza mwaka huo kwamba kijana huyo hukimbia kilomita 250 hata 300 kwa juma, na kwamba yeye mwenyewe humwonya apunguze, asije akavunjika kabla ya miaka mitano. Hatukupata kujua nani alikuwa na haki. Wote wawili walifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat tarehe 11 Februari 2024.

Wewe bado u mwanafunzi, na sheria za riadha haziruhusu aliye chini ya miaka 20 kushindana marathoni katika Olimpiki. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Marathoni yake ya kwanza, huko Hamburg, aliikimbia mwaka 2013. Miaka kumi alingoja. Tena hata alipokuwa bingwa, kule Kaptagat mbio yake ndefu ilikuwa mara moja kwa juma, siku ya Alhamisi, juma hili kilomita 30, juma lijalo 40.

Mwaka 2024 alikwenda Paris kutafuta Olimpiki ya tatu. Njia ile ilikuwa ya milima kweli kweli, yenye mpando mkali karibu na kilomita ya 29 na mteremko baada yake. Mgongo ulimuuma mapema. Kufika nusu ya njia alikuwa amekwisha achwa nyuma. Aliupanda mlima ule, lakini baada ya kilomita 30 akaacha kukimbia, akatembea, akavua viatu, soksi na fulana, akawapa watu waliosimama kando ya barabara.