Kimo cha Jukwaa: Tarehe ya Vituo vya Tramu

Mtu mwenye afya yake, aingiapo katika gari la reli mjini, haulizi kizingiti chake kina kimo gani. Bali kwa mzee mwenye bakora, kwa mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi, na kwa yule atembeaye kwa kiti cha magurudumu, kimo kile ndicho idhini ya kusafiri au katazo lake.

Tramu za umeme zilipoenea Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19, mota na mihimili ya magurudumu ilikaa chini ya sakafu, na kwa hiyo sakafu ikalazimika kuinuka juu sana ya ardhi. Kituo nacho aghalabu hakikuwa ila nguzo na kibao kando ya njia, na abiria alipanda kwa vidato kutoka barabarani, hata katika mvua na theluji.

Miji ilipoirudia tramu, kwa jina jipya la reli nyepesi, kuanzia miaka ya 1970, wahandisi wengine waliona tadbiri iliyo rahisi ni kuliinua jukwaa mpaka lilingane na sakafu. Ndivyo ilivyofanya Stuttgart kuanzia 1985, na ndivyo ilivyofanya Manchester mwaka 1992. Ila jukwaa la kimo cha karibu mita moja, likiwekwa katikati ya mtaa wa maduka, huwa ukuta, na Manchester hapo mwanzo ililazimika kuinua sehemu tu ya baadhi ya majukwaa yake ya mjini na kuiacha iliyobaki chini. San Francisco, ambako gari moja hupita chini ya ardhi na kisha barabarani, ilitumia vidato vinavyopanda na kushuka ndani ya mlango.

Ufaransa, ambayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa imezing'oa karibu reli zake zote za tramu, ilianza upya mjini Nantes mwezi wa Januari 1985, kwa magari mazuri ambayo hata hivyo yalikuwa na vidato mlangoni. Grenoble, mji uliozungukwa na milima ya Alpi, ambao tramu zake za zamani zilikoma mwaka 1952, uliwauliza raia wake kwa kura mwezi wa Juni 1983, nao wakakubali kwa wingi mdogo, takriban 53 katika mia. Hapo ndipo vyama vya wenye ulemavu vilipodai jambo ambalo wengi walilidhania muhali: si jukwaa liinuliwe, bali gari lishushwe. Dai lao likapata insafu. Mota zikapelekwa kwenye ncha mbili za gari, magurudumu ya katikati yakaundwa bila mhimili wa kuyaunganisha, na sakafu, katika sehemu iliyo kubwa ya gari, ikateremka hadi sentimita 35 hivi juu ya reli. Tena mlangoni pakatiwa kibao kinachochomoza kuziba mwanya. Tramu hiyo ilipofunguliwa Septemba 1987, kituo kilikuwa kimegeuka sura: kiinuko kidogo cha mawe, mfano wa baraza ya nyumba, kisichomziba mwenye duka wala kumsumbua mpita njia. Nantes wenyewe wakayarudia magari yao na kuyatia kipande cha katikati chenye sakafu ya chini.

Ama jukwaa kuwa moja katikati ya reli mbili au mawili pembeni, hilo ni suala la nafasi na la milango: la katikati huhitaji gari lenye milango ubavu huu na huu, nalo huokoa ngazi na paa la pili.

Addis Ababa, ambayo reli yake nyepesi ilifunguliwa Septemba 2015, ilichagua magari ya sakafu ya chini. Lakini sehemu ya njia yake imepandishwa juu ya madaraja, na vidato vilivyoondolewa mlangoni mwa gari vikarudi kwa makumi katika ngazi za kituo. Hili nalihesabu kuwa hasara. Nawasihi basi wachoraji wa vituo katika miji yetu: kabla ya kukata shauri la paa na rangi, mwiteni mwenye kiti cha magurudumu, aanzie barabarani, si jukwaani, nanyi mfuate nyuma yake hadi ndani ya gari.