Kamba, Mtumbwi na Mto Mkondoa

Waandishi wa historia ya safari za majini wamezoea kutuhesabia vyombo, majina ya manahodha, na bandari walizotia nanga. Ni nadra kumpata mmoja atuelezaye jinsi vitu vilivyofungwa ndani ya chombo, kana kwamba jambo hilo ni dogo mno kuharibiwa wino. Lakini mtu yeyote aliyepata kukaa katika mtumbwi wa mti mmoja ajua kwamba hilo ndilo jambo la kwanza. Jahazi lina nafasi ya kupakia mizigo, na shehena ikihama upande mmoja mabaharia wana muda wa kuirudisha. Mtumbwi hauna huruma hiyo. Upana wake watosha mtu aliyekunja magoti. Ukiinama mara moja, kila kisichofungwa kimekwisha kwenda, na pengine mwenyewe pia.

Nia ya insha hii ni kuonyesha, kwa habari za Kilosa na Mikumi, kwamba kufunga vitu chomboni si kazi ya mikono tu, bali ni mlango wa historia. Tukiuliza kitu gani kilifungwa, kwa kamba gani, na kama hakikufungwa nani alikibeba kichwani, twapata kujua ni nini kilichohesabiwa kuwa na thamani, na ni nani aliyeachiwa hatari.

Huenda msomaji akastaajabu kusikia habari za mitumbwi ikitafutwa Kilosa, mji wa bara, ulio mbali na bahari na mbali na maziwa makuu. Lakini Kilosa ni nchi ya maji kwa msimu. Mto Mkondoa, ambao wasafiri Wazungu wa karne ya 19 waliuandika Mukondokwa, washuka kutoka milima ya Usagara, wapita penye mji wa Kilosa, na kuingia katika uwanda wa Mkata. Mto Mkata nao waja kutoka kusini, wapita katika mbuga za Mikumi, na maji yote hayo hatimaye huwa ya Mto Wami, ambao huyapeleka baharini. Wakati wa kiangazi uwanda huo ni nyasi na vumbi. Masika yakija, udongo wake mweusi haunywi maji upesi, na palipokuwa na njia ya miguu pana ziwa. Upande wa kusini, kuelekea Kidodi na nchi ya Wavidunda, pana Ruaha Mkuu, mto usiokauka. Basi watu wa nchi hii wamelazimika kuyajua maji ya namna mbili: yale yakaayo, na yale yajayo kwa ghafula.

Mvuvi wa mtoni hana vyombo vingi, lakini kila kimoja chataka mahali pake. Ana upondo wa kusukumia penye kina kidogo na kafi ya kupigia penye kina kirefu. Ana fito za kuvulia, mishipi, ndoana na chubwi. Pengine ana mgono wa kutegea kambale, au wavu wa perege. Ana kisu, ana upo wa kufulia maji, ana jiwe lake la nanga. Vitu hivi, ukivitazama nchi kavu, ni fungu la mkono mmoja. Vitie katika mtumbwi, na kila kimoja chaweza kuwa adui wa mwenziwe: mshipi huzinga kafi, ndoana hushika wavu, na jiwe likiviringika huinamisha chombo chote.

Kanuni za kuvifunga zatokana na maji yenyewe. Kilicho kizito hulazwa chini na katikati, karibu na miguu ya mvuvi, kisiweze kuviringika. Kilicho kirefu, kama fito, hulazwa kwa urefu wa chombo, ncha zikielekea upande mmoja, zisitokeze ubavuni na kukamatwa na matete au matawi ya ukingoni. Ndoana huchomekwa katika kitu laini, au huzungushiwa mshipi wake, kwani ndoana iliyo huru haitambui samaki na mguu wa mtu. Wavu hupangwa hivi kwamba ukomo wake uingie kwanza na mwanzo wake uwe juu, upate kutoka bila kujisokota. Upo hufungwa kwa kamba ndefu inayouwezesha kufanya kazi bila kufunguliwa, kwa sababu saa ya kuuhitaji ndiyo saa ambayo mtu hana mkono wa kuutafuta. Na fundo la kila kamba sharti liwe la kufunguka kwa kuvutwa mkia, maana kamba ya nyuzi za miti ikilowa huvimba, na fundo lililokazwa sana huwa jiwe.

Juu ya kanuni hizi zote pana moja iliyo kubwa: vyombo hufungwa, lakini mtu hafungwi. Mvuvi asiruhusu kamba yoyote izunguke kifundo cha mguu wake, hata kama kwa kufanya hivyo angeiokoa fito iliyo bora kuliko zote. Fito hukatwa nyingine msituni.

Ni ajabu kuona jinsi watu waliokaa mbali sana walivyofikia kanuni zile zile. Wawindaji wa Greenland walitumia kayaki, chombo chembamba cha mbavu za mti kilichovikwa ngozi ya sili, chenye tundu moja la kukalia. Juu ya ngozi hiyo, mbele na nyuma ya mwindaji, zilipitishwa kanda za ngozi zilizokazwa; chini yake kilichomekwa chusa na silaha nyingine, kila moja mahali ambapo mkono waweza kuifikia bila jicho kutazama. Kamba ya chusa ilizungushwa juu ya kichanja kidogo mbele yake, na mwisho wake ulifungwa katika boya la ngozi iliyojazwa pumzi, lililokaa nyuma. Mnyama akichomwa, kamba na boya viliondoka vyenyewe, chombo na mtu wake vikabaki salama. Mwindaji huyo hakupata kuuona Mkondoa, wala mvuvi wa Ruaha hakupata kuiona barafu. Lakini wote wawili walifundishwa na mwalimu mmoja, nao ni wembamba wa chombo.

Sasa tuje kwenye njia ya misafara, iliyopita katika bonde hili la Mkondoa kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Richard Burton na John Speke walipita hapa mwaka 1857. Walikuwa wamekuja na mashua ya chuma iliyoundwa kwa vipande, kwa nia ya kuielea katika ziwa walilolisikia habari zake. Mashua hiyo waliiacha pwani kwa kukosa wapagazi wa kuichukua. Matokeo yake yalionekana mwaka uliofuata huko Tanganyika, ambako iliwabidi kutegemea mitumbwi ya wenyeji na hiari ya wenye mitumbwi. Mzigo ulioshindwa kufungwa vizuri pwani uliamua mambo ya ziwani, safari ya miezi mingi kutoka hapo.

Henry Stanley alifika mwaka 1871. Yeye alinunua mashua mbili Unguja, akazivua mbao zake, akabakiza mifupa tu, ili avike turubai lililopakwa lami badala ya mbao. Alijua hesabu ya njia: mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, na kisichogawanyika kwa kiasi hicho hakisafiri. Lakini uwanda wa Mkata ulimkuta katika masika. Msafara ulitembea katika matope na maji siku baada ya siku. Punda wakafa, watu wakashikwa na homa na kuhara. Hapo hapakuwa na mashua wala mtumbwi uliowafaa. Chombo kilikuwa kichwa cha mpagazi.

Jambo hili lilidhihirika zaidi mwaka 1872, Stanley aliporudi pwani baada ya kuachana na Livingstone. Alichukua sanduku lenye barua na daftari za Livingstone, na masika yalikuwa yamelifurisha tena bonde la Mkondoa. Kijana mmoja, ambaye Stanley amwandika kwa jina la Rojab, aliingia mtoni na sanduku lile kichwani, maji yakampanda. Stanley, akiwa ukingoni, alimwelekezea bastola na kumwonya kwamba akiliangusha atampiga risasi. Rojab alivuka salama. Kisa hicho kimechapishwa pamoja na picha yake, na wasomaji wengi wa Ulaya walikisoma kama ushahidi wa thamani ya karatasi zile.

Nasi tukisome kwa jicho la mfunga mizigo. Sanduku lile lilikuwa na thamani kuu katika msafara mzima, na halikufungwa katika chombo chochote. Lilifungwa, kwa maneno ya kweli, katika maisha ya Rojab. Na badala ya kamba palitumiwa bastola. Kanuni ya mvuvi, kwamba vyombo hufungwa na mtu hafungwi, hapa ilipinduliwa. Hapana shaka kwamba bila Rojab barua zile zingeliwa na maji ya Mkondoa, na wanaosoma habari za Livingstone wangekosa sehemu yake. Jina la mwenye sanduku lajulikana dunia nzima. Jina la aliyelivusha twalipata katika mstari mmoja, tena kwa sababu ya bastola.

Baada ya hapo wasafiri walizidi kuikaza elimu ya vipande. Mwaka 1874 Stanley alirudi na mashua Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyochukuliwa kwa vipande mabegani mwa watu. Safari hiyo ilishika njia ya kaskazini zaidi kwenda Mpwapwa. Kisha yakaja mambo makubwa kuliko mabega ya mtu. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kulifuata bonde la Mkondoa kupanda bara, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo Wajerumani walipeleka meli nzima, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafumuliwa na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakapita Kilosa yamefungwa juu ya mabehewa. Na meli ikaungwa upya na kushushwa majini Kigoma mwezi wa Februari 1915. Ndiyo ile iliyozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kuitwa Liemba tangu 1927. Hivyo meli kubwa ilipita katika nchi ambayo mtumbwi wake ulipita bila kuandikwa.

Na kamba nazo zina historia yake. Zamani mwenyeji alipata kamba kwa kubanja gome la miyombo. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta vikonyo vya mkonge kutoka Florida. Vilivyosalia vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo mashamba yalienea, na wilaya ya Kilosa, penye Kimamba na Rudewa, ikawa mojawapo ya nchi za mkonge. Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo, na kamba yake ikafunga mizigo ya bandari ambazo mkata mkonge hakuzijua hata kwa jina. Kisha nyuzi za kemia zikaja, bei ikaporomoka katika miaka ya 1960, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Leo mvuvi hutumia nailoni. Haiozi wala haivimbi, lakini yateleza. Fundo lililotosha katika mkonge halitoshi katika nailoni, na mwenye kurithi chombo bila kurithi mafundo hupoteza fito zake.

Mwaka 1964 mbuga za Mikumi zilifanywa Hifadhi ya Taifa, ikapanuliwa mwaka 1975. Kuvua ndani yake kukawa marufuku. Hifadhi imewaokoa wanyama wengi, na si haki kuisimulia kwa ubaya. Hata hivyo elimu ya mto haikai katika mto, hukaa katika mikono iutumiayo. Mahali ambapo mkono umezuiwa, fundo husahauliwa katika vizazi viwili, na hakuna askari wa wanyama awezaye kulilinda.

Wala mtu asidhani kwamba elimu hiyo ni ya burudani tu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, maji yakaingia katika mji wa Kilosa, reli ikakatika, na maelfu ya watu wakayahama makazi yao. Usiku wa mafuriko swali ni lile lile la mtumbwini: kitu gani kifungwe, kitu gani kiachwe, na mkono wa nani ubaki huru kumshika mtoto.

Wazee wa pwani husema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwanahistoria naye, baada ya kuzunguka na wasafiri wakuu na meli zao, hana budi kurudi mahali pa chini penye maji ya kufuliwa, amwulize mvuvi wa Kidodi au wa ukingoni mwa Wami: Hili walifungaje, na ni nani aliyekufundisha? Vijana wa vyuo vyetu wasomao historia waweza kuifanya kazi hiyo kwa daftari na kipande cha kamba. Majibu watakayopewa hayamo katika vitabu vya Burton wala vya Stanley, na wale wawezao kuyatoa wanazidi kupungua.