Umri na Risasi: Neno, Desturi na Sheria katika Nyanda za Juu Kusini

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, iliyotungwa mwaka 2015, yataka mtu anayeomba kumiliki bunduki awe ametimiza miaka 25. Na kwa kuwa mtu asiye na leseni ya bunduki hauziwi risasi, umri huo ndio pia mpaka wa kununua risasi. Katika makala haya sikusudii kuwafundisha wanasheria kazi yao. Nakusudia kuonyesha jambo moja lililo karibu na kazi yetu sisi tunaoshughulika na lugha na historia: ya kwamba kuzuia risasi ni jambo la zamani katika nchi za Iringa na Mbeya, lakini kuzuia kwa hesabu ya miaka ni jambo jipya, na hesabu hiyo haina nguvu pasipo daftari la vizazi.

Tuanze na maneno yenyewe. Risasi kwa asili ni jina la madini yale mazito, nalo limetoka katika Kiarabu, kama lilivyotoka neno baruti. Hapo zamani fungu moja la kupakia bunduki liliitwa pia kiasi, yaani kipimo. Msomaji ataona kwamba kinachopimwa katika neno hili ni baruti, wala si mtu anayeipokea. Mtu alipimwa kwa njia nyingine.

Njia hiyo twaiona katika historia. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, uliozuia kuingiza bunduki, baruti na risasi katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya Ikweta. Ruhusa zilizobakizwa zilitolewa kwa dhamana: mtu aliulizwa ni nani, na ni serikali gani inayomdhamini. Hakuulizwa ana miaka mingapi.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo, wakamwua kamanda wake Zelewski na kuteka bunduki zipatazo 300. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini bunduki zile zilitaka risasi za kiwandani, ambazo hazifuliwi na mhunzi wa kijijini. Basi ilikuwa kazi ya mtawala kuamua ni nani wa kukabidhiwa silaha hizo adimu. Ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, na tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi asishikwe akiwa hai. Katika miaka yote hiyo mtwa hakuwa na daftari la vizazi. Aliyepewa bunduki alijulikana kwa ukoo wake, kwa utii wake na kwa matendo yake mbele ya watu.

Je, Kiswahili chenyewe hakikuwa na kipimo cha umri? Kilikuwa nacho. Rika ni watu waliokua pamoja. Baleghe ni mwili uliopevuka. Mtu mzima ni yule ambaye neno lake lasikilizwa. Pwani walikuwa na hirimu, na katika kamusi hirimu ya ujana hukoma kwenye miaka 25 hivi. Hivyo hesabu ya sheria ya 2015 si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Kijana wa miaka 18 hupiga kura, na wa miaka 21 aweza kugombea ubunge, lakini bunduki humngojea mpaka utu uzima wa hirimu. Tofauti ni kwamba hirimu ilishuhudiwa na majirani, na miaka 25 hushuhudiwa na karatasi.

Hapa ndipo penye ugumu. Katika nyanda hizi watu wengi walihesabu kuzaliwa kwao kwa matukio: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, wakati wa vita. Mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano karibu na makwao, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulifika Mkoa wa Mbeya mwaka 2013, na Iringa baadaye. Watoto wakubwa kabisa walioandikwa Mbeya mwaka ule walizaliwa mwaka 2008. Nao watatimiza miaka 25 mwaka 2033. Mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa huleta hati ya kiapo, ambayo ni neno la mtu juu ya mtu mwingine. Tukiitazama vizuri, hati hiyo ni ile dhamana ya kale iliyovikwa nguo mpya.

Sisemi kwamba sheria ina kosa kutaja idadi ya miaka. Idadi haipendelei ukoo wala haitazami rangi. Nasema tu kwamba idadi hiyo haiwezi kusimama peke yake. Karani wa kata ya Mbeya au Iringa anayeandika jina la mtoto leo ndiye anayeweka kipimo kitakachotumika miaka 25 ijayo, siku mtoto huyo atakapoomba risasi. Akikosea yeye tarehe, hakuna askari wala hakimu atakayeisahihisha kwa urahisi.