Kakamega: Dhahabu ya Rosterman Ilitoka Wapi?
Wasee, mawe ya Kakamega si ya jana. Ganda la dunia limegawanyika mabamba makubwa yanayosonga polepole, sentimita chache kwa mwaka. Kwa Bonde la Ufa ndipo Afrika inapasuka, lakini Kakamega iko kando, juu ya mwamba mkongwe wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kitambo hicho maji moto yalipanda kwa nyufa za mwamba, yakaacha dhahabu. Hiyo ndiyo ilileta wazungu mbio 1931, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi 1952. Sai watu bado wanasaka hiyo doo kwa mashimo ya kuchimba na mikono. Mwamba ni mgumu, lakini udongo wa juu hauna huruma: shimo bila nguzo huporomoka na kufunika wachimbaji.