Mchoraji Aliyejiita Mwanahistoria

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba Kanda Matulu alipeleka picha zake kwa Johannes Fabian, mwalimu wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, tawi la Lubumbashi. Hakuridhika kuitwa mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Hadi mwaka 1974 alikuwa amechora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100, akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya kinasa sauti. Maelezo hayo ni mihadhara kamili, ingawa madarasani historia ilifundishwa kwa Kifaransa.

Katika picha ya kifo cha Lumumba, nyuma ya maiti imesimama misalaba mitatu. Tarehe 17 Januari 1961, karibu na mji huohuo, waliuawa watatu: Lumumba, Mpolo na Okito. Kwa Tshibumba, Lumumba alikuwa Yesu wa Zaire. Hiyo ni hoja ya mwanahistoria, wala si pambo.

Kitabu cha Fabian kilitoka mwaka 1996 kwa Kiingereza; maneno yenyewe ya Kiswahili yalichelewa hadi 1998. Tshibumba hajasikika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.