Isaka ilivyoota mizizi

Magazetini mwetu, kinachoota mizizi huwa ni uovu. Rushwa huota mizizi, uvuvi haramu huota mizizi, na ujambazi ukichelewa kukomeshwa nao huambiwa umeota mizizi. Jambo jema hupewa kauli nyingine: limeimarika, limeshamiri, limesimama. Lakini ukitaka kuusema mji wa Isaka, wilayani Kahama mkoani Shinyanga, lugha hiyo ya rushwa ndiyo inayoufaa, maana mji huu nao umeishika ardhi bila mtu kuupanda. Umeota kwenye pengo, mahali ambapo mzigo wa Rwanda hushuka kwenye behewa ukapanda lori kwa kuwa reli ya kwenda Kigali haijajengwa.

Haijajengwa, ila imefikiriwa kwa zaidi ya miaka mia. Wajerumani walianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma mapema 1914. Rwanda wakati ule ilikuwa sehemu ya koloni lao, na mwaka huohuo wa 1914 wakaanza kazi ya tawi jipya la kutoka Tabora kuelekea Rwanda. Agosti vita vikazuka, kazi ikasimama. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora, na vita vilipokwisha Tanganyika ikaangukia kwa Mwingereza huku Rwanda na Burundi zikibaki kwa Mbelgiji. Mabwana wakawa wawili, na reli ya kuwaunganisha ikakosa mwenyewe. Walichoelewana, kwa mkataba wa 1921, ni kwamba Wabelgiji wapewe maeneo yao ya kupitishia mizigo Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mzigo wao ukawa unakwenda hadi Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika.

Kutoka Tabora, Mwingereza aliipeleka reli kaskazini. Alikuwa na sababu mbili. Pamba ya Usukuma ilihitaji njia ya kufika baharini, na reli ya Uganda, iliyofika Kisumu tangu 1901, ilikuwa ikivuta mizigo ya ziwa zima kwenda Mombasa. Reli ya Tabora hadi Mwanza, kilometa 379, ikakamilika mwaka 1928. Isaka iko kwenye reli hiyo, kati ya Tabora na Shinyanga mjini, na kwa miaka mingi hapakuwa na jambo kubwa la kuitofautisha na vituo vingine vya njiani.

Kilichoibadili Isaka ni balaa la jirani. Oktoba 1990 vita vilianza kaskazini mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Uganda, na njia ya Gatuna iliyozoea kupitisha bidhaa kutoka Mombasa ikawa haipitiki. Wafanyabiashara wa Kigali wakageukia Dar es Salaam. Kisha yakaja mauaji ya kimbari ya 1994. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa kama saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, upande wa Tanzania, na kambi ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati ule. Watu hao walihitaji kula kila siku. Mahindi, maharage na mafuta ya kupikia yaliletwa kwa treni hadi Isaka, yakapakiwa kwenye malori kwenda Ngara. Makuli waliopata kazi mwaka ule hawakuwa na haja ya kuelezwa umuhimu wa kijiografia wa Isaka. Waliubeba mgongoni, gunia kwa gunia.

Wakimbizi wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini njia ilikuwa imeshazoeleka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Isaka ikawa rasmi bandari kavu ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Neno hilo bado huwashangaza wageni, maana kwa reli bahari iko karibu kilometa 970 kutoka hapo. Kazi yenyewe ni ya bandari kweli. Treni ikiingia, kreni hulinyanyua kontena kutoka kwenye behewa bapa. Namba iliyoandikwa ubavuni husomwa na kulinganishwa na karatasi, kisha hutazamwa sili ya mlangoni, namba yake nayo isipishane na ya kwenye hati, kwa sababu mzigo huu unapita nchini bila kulipiwa ushuru, na sili iliyokatika ni kesi. Kontena hutuliwa juu ya tela, vifungo vya pembe zote nne vikazungushwa na kukazwa. Utingo huvikagua kimoja kimoja kabla dereva hajawasha gari, na wala hilo si jambo la kuharakisha, maana mbele kuna Kahama, Ushirombo, Nyakanazi, Benaco na milima ya kuteremkia Rusumo.

Penye malori yanayosubiri huzuka mengine yote. Kuna mama lishe, gesti, mafundi wa matairi, mawakala wa forodha na bodaboda. Wengi wao walifika Isaka wakiwa wapita njia. Kwetu mtu haulizwi kama amekita mizizi, huulizwa kama ameshajenga, na swali hilo ndilo hasa kipimo. Aliyepanga chumba anaweza kuhama kesho na godoro lake. Aliyefyatua tofali na kuezeka bati ametangaza kwamba treni itaendelea kuja.

Kahama, jirani yake, ina dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001 na Buzwagi 2009. Barabara ya malori nayo hupita Bukombe, katika Mkoa wa Geita ulioundwa 2012, mkoa ambao jina lake limekuwa sawa na dhahabu. Isaka haina cha kuchimba. Mtaji wake ni treni kufika, na treni imewahi kushindwa kufika. Shirika la Reli lilikabidhiwa kwa mwekezaji, kampuni ya RITES ya India, mwaka 2007, na mkataba ukavunjika baada ya miaka michache. Katikati ya mgogoro huo, mwishoni mwa 2009, mafuriko yalisomba reli eneo la Kilosa na Gulwe na safari zikasimama kwa miezi. Malori yakazoea kubeba kontena moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Kigali bila kushusha chochote Isaka. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha dola milioni 300 kwa mradi wa kuikarabati reli ya zamani kutoka Dar es Salaam, na mwisho wa kipande hicho ukawekwa Isaka.

Sasa kuna mradi wa reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilometa 341 pamoja na njia za kupishania, ulisainiwa Januari 2021 na kampuni mbili za China. Wa Isaka hadi Tabora, kilometa 165 kwa hesabu hiyohiyo, ukafuata 2022 kwa kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki. Isaka imekuwa kiungo cha vipande viwili. Tena, Januari 2018 marais John Magufuli na Paul Kagame walikubaliana kujenga reli kutoka Isaka hadi Kigali, ile ile safari ya Rwanda iliyokatizwa na vita vya 1914.

Hapo ndipo furaha ya wachumi na riziki ya Isaka zinapoachana. Reli hiyo ikijengwa, kontena la Kigali halitakuwa na sababu ya kushuka Isaka. Litapita. Kwa nchi ni nafuu kubwa, na mimi siwezi kuipinga. Lakini Isaka inaweza kubaki njia panda ya treni za Mwanza na Kigali, yenye karakana na maghala ya mchele na pamba ya Kahama na Shinyanga, au ikabaki kituo cha kupungiwa mkono. Uamuzi huo haufanyiki Isaka. Wanaochora ramani waufanye mapema, na wawaambie waliojenga kabla hawajaongeza chumba kingine.