Arduino
Arduino ni bodi ndogo ya kielektroniki inayopokea msimbo kutoka kwenye kompyuta. Ilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa kazi ya Massimo Banzi na wenzake, ikijengwa juu ya Wiring, mradi wa mwanafunzi Hernando Barragán. Deni hilo kwa Barragán husahaulika mno. Wasanii huitumia Arduino kuunda kazi zinazoitikia mguso, sauti au mwendo wa mtazamaji. Msimbo una sehemu mbili: setup hutekelezwa mara moja umeme unapowashwa, kisha loop hurudiwa bila kukoma. Amri ya delay, kipenzi cha wanagenzi, husimamisha programu isisome vihisi wakati huo. Kwa kazi inayopaswa kumwitikia mtu papo hapo, afadhali kupima muda kwa amri ya millis, isiyosimamisha programu.